Prosesa ya seva katika mashine ya biro: kisa cha Kaptembwo

Mwalimu aliingia kibandani kwangu Jumamosi moja ya Juni 2025, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtu anayekimbiza mtoto hospitali. Mkononi alikuwa na bahasha ya khaki. Ni mwalimu mstaafu mwenye biro, yaani kiofisi cha huduma za kompyuta, mtaani Kaptembwo, hapa Nakuru. Anapiga chapa, anatoa fotokopi, anawasaidia watu na tovuti za serikali za eCitizen na iTax, anatengeneza vitabu vya mazishi, na wikendi anapunguza video za harusi ili ziingie kwenye simu za jamaa.

"Fundi," akasema kabla hata ya kuketi, "hii mashine inaniaibisha mbele ya watu, na tarehe thelathini ndiyo hiyo."

Mwenye biro yeyote Kenya anajua tarehe 30 Juni ni nini. Ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru, na nusu ya mtaa hukumbuka siku hiyo hiyo.

Ndani ya bahasha mlikuwa na prosesa moja, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, iliyofungwa kwa sponji nyeusi, na kipande kimoja cha ramu, yaani kumbukumbu ya muda, cha GB 4. Kijana mmoja mjini alikuwa amemuuzia vyote viwili kwa Ksh 3,200, prosesa 2,000 na ramu 1,200. "Aliniambia ni kuchomoa na kuchomeka tu."

Sikumkatisha tamaa mwalimu. Nilimwomba aniachie mashine mpaka Jumatatu.

Kazi ya kwanza haikuwa kufungua prosesa bali kuiwasha mashine jinsi ilivyokuja na kuipima. Bila kipimo cha awali, mteja atakuambia "imekuwa nyepesi kidogo" na nyote wawili mtabaki kubahatisha. Ndani mlikuwa na Pentium Dual-Core E5300: viini viwili, GHz 2.6, kashe (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa) ya MB 2. Ramu GB 2, hard disk ya zamani, ile diski inayozunguka, Windows 10. Madabodi, yaani bodi kuu, ilikuwa ya chipuseti (chipu zinazoiunganisha prosesa na ramu na vifaa vingine) ya G41, yenye nafasi mbili za ramu ya aina ya DDR3. Kuwaka hadi kutulia kulichukua dakika 2 na sekunde 10. Kutoka kubofya kivinjari hadi ukurasa wa iTax kuonekana, sekunde 41. Video ya dakika 12 ilipunguzwa kwa dakika 24, na muda wote huo mashine haikufaa kwa kazi nyingine yoyote.

Sasa tuje kwenye hiyo prosesa. Ilikuwa Xeon E5450, ambayo Intel iliitoa mwishoni mwa 2007 kwa ajili ya seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Ina viini vinne, GHz 3.0, kashe ya MB 12, na hula wati 80. Ina ndugu yake wa mezani, Core 2 Quad Q9650, mwenye viini vinne, GHz 3.0 na kashe ya MB 12 vile vile. Q9650 iliyotumika ilibaki ghali kwa miaka mingi kwa sababu kila mwenye madabodi ya soketi (kikalio cha prosesa) 775 aliitamani. Xeon nazo zilitolewa kwa malundo kutoka kwenye seva zilizostaafishwa, hakuna aliyezitaka, kwa kuwa soketi ya seva ni 771 na haiingiliani na 775.

Haiingiliani, lakini kwa kidogo mno. Soketi ya 775 ina vimeno viwili vya plastiki pembeni, na prosesa ya 771 ina vipengo mahali pengine, kwa hiyo haikai. Ama unakata vimeno vya soketi, ama unachonga vipengo vipya kwenye ukingo wa prosesa. Baada ya hapo inabaki tofauti ya umeme: kuna vidoti viwili vya dhahabu chini ya prosesa ambavyo lazima vibadilishane nafasi. Kazi hiyo hufanywa na stika nyembamba kuliko karatasi ya sigara, yenye vijistari viwili vya shaba vinavyopishana. Hiyo stika ndiyo adapta yenyewe.

Mtindo huu si mpya. Enzi za prosesa za 486 ziliuzwa adapta zenye kidhibiti cha umeme juu yake, kwa sababu prosesa mpya ilitaka volti 3.3 na bodi ilitoa 5. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja kadi za kuchomeka prosesa ya Socket 370 ndani ya Slot 1. Mwaka 2005 Asus ilikuwa na CT-479, iliyokalisha Pentium M ya laptopu kwenye baadhi ya bodi zake za Pentium 4. Zote zilikuwa na sharti moja ambalo wauzaji hupenda kulisema kwa sauti ya chini: adapta inatatua umbo na umeme, lakini bodi nayo ni lazima imfahamu mgeni. CT-479 yenyewe ilidai bayosi mpya, yaani ile programu ya bodi inayoiamsha mashine.

Kwa hiyo kabla ya kugusa bisibisi niliandika namba ya bodi na toleo lake, nikatafuta orodha ya prosesa ambazo mtengenezaji alizikubali. Nilichokuwa nakitafuta si Xeon, maana huwezi kuikuta humo. Nilimtafuta ndugu yake. Kama Q9650 au Q9550 imo, basi bodi inamudu prosesa ya viini vinne ya kizazi hicho, inamudu wati 95, na barabara kati ya prosesa na chipuseti, ile mafundi huiita FSB, inafika MHz 1333. E5300 ya mwalimu ilikuwa ikitumia 800 tu. Q9550 ilikuwemo. Hapo nikapata moyo.

Angekuja na X5460 ningemrudishia bahasha yake. Ile hula wati 120, na bodi hizi za bei nafuu zina sehemu ya kugawa umeme isiyo hata na bati la kupozea juu yake. Itawaka, itafanya kazi, mwenye mashine atafurahi, halafu siku moja ya joto utasikia harufu.

Suala la pili ni mikrokodi. Hii ni programu ndogo ya marekebisho ambayo bayosi huipa prosesa kila mashine inapowaka. Bayosi ya bodi ya mezani imebeba mikrokodi za prosesa za mezani. Ukiiwekea Xeon isiyoijua, mara nyingine inawaka na kulalamika kwamba haitambui prosesa, mara nyingine haiwaki kabisa, na mara nyingine inawaka lakini baadhi ya uwezo, kama maagizo ya SSE4.1, unakosekana. Dawa ni kuingiza mikrokodi sahihi kwenye faili ya bayosi. Bayosi ya bodi hii ilikuwa ya kampuni ya AMI, na programu ya kuirekebisha ni MMTool. Ingekuwa Award, ningetumia CBROM.

Kwa bahati, chipu ya bayosi ilikuwa ile ya miguu minane inayochomeka kwenye kikalio chake, haikulehemiwa. Niliing'oa kwa kibano, nikaiweka kwenye programa (kifaa cha kusoma na kuandika chipu) ya CH341A, nikaisoma mara mbili na kulinganisha nakala hizo mbili hadi baiti ya mwisho. Zilipolingana ndipo nikaandika faili iliyorekebishwa. Kuna mafundi wanaofleshi bayosi moja kwa moja kutoka Windows. Mimi siwezi, katika mji ambao stima inaweza kwenda ukiwa katikati ya sentensi. Stima ikipotea chipu ikiwa kwenye programa, unangoja irudi, unaandika upya. Ikipotea bodi ikijiandika yenyewe, una tofali mkononi.

Mpaka hapo nilikuwa nimekwenda kwa utaratibu. Kosa langu lilikuja sasa, na ndilo lililonikalisha kibandani hadi saa nne usiku.

Nilirudisha chipu ya bayosi, nikaweka Xeon, nikachomeka na ile ramu mpya ya GB 4. Mambo matatu mapya kwa mpigo. Nikabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Hakuna hata mlio.

Mtu akiwa na mambo matatu mapya na skrini nyeusi, humshuku anayemwogopa zaidi. Mimi niliishuku bayosi. Nikatoa Xeon, nikarudisha E5300, nikawasha: nyeusi bado. Moyo ukanidunda. Nikajiambia, basi nimeharibu bayosi ya watu. Nikang'oa chipu, nikaandika ile nakala ya awali niliyoisoma mwenyewe, nikarudisha, nikawasha. Nyeusi.

Nilitoka nje nikanywa chai. Kibanda cha chai kiko hatua kumi tu, na nadhani nimetatua matatizo mengi zaidi pale kuliko mezani kwangu. Kikombe kilipofika nusu ndipo nilipokumbuka kwamba kuna kitu sijakirudisha: ramu.

Niliingia nikaishika ile ramu mpya kwenye mwanga. Ilikuwa na chipu nane, zote upande mmoja. Upande wa pili mtupu. Basi. G41 inaelewa chipu za ramu zenye ukubwa wa hadi gigabiti 2, yaani MB 256 kwa chipu. Ramu ya GB 4 inayoifaa ni ile yenye chipu 16, nane kila upande. Hii ya mwalimu ilikuwa imefika GB 4 kwa chipu nane tu, kila moja MB 512, na bodi haiwezi kuzihesabu. Kwenye mashine ya miaka michache baadaye ingefanya kazi bila neno. Hapa ni sawa na kipande cha plastiki. Kijana aliyeiuza huenda hakujua. Lebo inasema DDR3, na DDR3 ndiyo kweli.

Nikarudisha ramu ya zamani, E5300 na bayosi ya awali: ikawaka. Nikaweka bayosi iliyorekebishwa: ikawaka. Kumbe bayosi haikuwa na kosa lolote. Nikaweka Xeon, kila kitu kingine kikiwa kinajulikana kuwa kizima.

Nyeusi.

Safari hii sikuhofu, kwa sababu alibaki mshukiwa mmoja. Niliigeuza prosesa, nikawasha tochi ya simu, nikachukua kioo cha kukuzia ambacho nilirithi kwa fundi wa saa. Stika ilikuwa imebandikwa na muuzaji. Kwa macho matupu ilionekana imekaa vizuri. Chini ya kioo niliona imeteleza upande mmoja, pungufu ya nusu milimita, kiasi kwamba ukingo wake ulikuwa umefunika nusu ya kidoti cha jirani, na kijistari kimoja cha shaba kilikuwa kinagusa kidoti chake kwa ncha tu. Isitoshe, pini za soketi zilikuwa zimekwisha kutoboa vijishimo kwenye gundi kwa kuwa nilikuwa nimeiweka na kuitoa. Stika hizi hazipendi kutolewa na kurudishwa. Zikishakaa, ziache.

Niliipasha moto kidogo kwa kikaushio cha nywele, ikabanduka yenyewe. Nikasafisha vidoti kwa spiriti na pamba, nikangoja vikauke. Mwaka juzi niliagiza karatasi ya stika kumi, na zilikuwa zimebaki nne. Kubandika kwenyewe kunaanzia kwenye kona: unalinganisha vidoti vya kona na matundu ya stika, unaishusha polepole kwa kibano, hupumui, halafu unaibonyeza kwa kifutio cha penseli si kwa kidole, kwa maana kidole kina mafuta. Jaribio la kwanza nilikosea nikaitupa stika. La pili likakaa.

Kipozeo cha E5300 kilikuwa cha aluminiamu tupu, chepesi. Prosesa imeongezeka wati 15 kwenye karatasi, lakini ukweli ni kwamba E5300 hiyo ilikuwa haijasafishwa tangu inunuliwe. Wanasema jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na ukifungua kompyuta yoyote ya Kaptembwo utaamini bila kuhitaji mwanaisimu. Nilitafuta kwenye kasha langu kipozeo chenye kiini cha shaba, nikapaka grisi mpya ya joto, nikabana vile vishikizi vinne vya plastiki kimoja baada ya kingine kwa mshazari.

Ikawaka. Jina likajitokeza kwenye skrini: Xeon E5450, GHz 3.0. Saa nne kasoro dakika tano.

Jumapili sikuigusa. Jumatatu asubuhi nilinunua ramu ya GB 4 ya chipu 16 kwa Ksh 1,500, nikaiweka pamoja na ile ya zamani ya GB 2, jumla GB 6. Nikapima tena. Video ya dakika 12 sasa ilichukua dakika 10 badala ya 24. Hapo mwalimu angepiga makofi. Lakini kuwaka kulikuwa bado dakika 1 na sekunde 45, na kufika iTax sekunde 22. Na hiyo nafuu ya iTax, ukiniuliza, sehemu kubwa ni ya ramu, si ya prosesa. Nilithibitisha kwa kurudisha GB 2 peke yake: sekunde zikapanda hadi 35.

Mwalimu alipokuja saa tano nilimwonyesha karatasi yenye hizo namba. Akaisoma kama anayesahihisha mtihani.

"Kwa hivyo huyu Xeon ameponya video, lakini wateja wa iTax bado wataningoja."

"Ndivyo, mwalimu. Kinachowachelewesha hao ni hard disk."

"Mbona yule kijana hakuniambia?"

Sikuwa na jibu la heshima, nikamwambia tu bei ya SSD, diski ya chipu isiyozunguka: Ksh 2,800 kwa GB 240. Alifikiri kidogo, akatuma M-Pesa. Bodi hii ina chipu ya ICH7, ambayo SATA yake, yaani njia ya data ya diski, ni ya gigabiti 3 kwa sekunde na haina AHCI, ile hali inayoiwezesha diski kupokea maombi mengi kwa pamoja, kwa hiyo SSD haiwezi kukimbia kasi yake yote. Haidhuru. Nilihamisha Windows na faili zote, nikapima mara ya tatu: kuwaka sekunde 34, iTax sekunde 9, video dakika 10 zile zile.

Hesabu ya pesa ilikuwa hivi. Ksh 3,200 alizotumia kabla ya kunijia, 1,500 za ramu, 2,800 za SSD, na 1,500 za ufundi: jumla 9,000. Ile ramu isiyofaa nilimtafutia mteja mwenye mashine ya baadaye kidogo, akaichukua kwa 1,000. Siku hizo mjini nilikuwa nimeona kompyuta ya mtumba yenye Core i5 ya kizazi cha nne kwa 14,500 bila skrini. Mtu angenijia na mkono mtupu, hajanunua chochote, ningemwambia aongeze pesa achukue hiyo. Mwalimu alikuwa tayari na prosesa, hakuwa na hizo 14,500 kabla ya tarehe 30, na SSD pamoja na ramu ya chipu 16 zitahama naye siku atakaponunua mashine nyingine inayotumia DDR3. Kilichofungwa na bodi hii ni prosesa tu, na jasho langu.

Kuna jambo moja nililomweleza waziwazi kwa sababu halitengenezeki kwa stika yoyote. Prosesa hizi zina maagizo ya SSE4.1, lakini hazina ya SSE4.2 wala POPCNT. Windows 11 rasmi huzikataa mashine za zamani zaidi ya kizazi cha nane cha Core, ila watu walikuwa wakiikwepa hiyo sheria. Kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024, mfumo wenyewe unahitaji hayo maagizo ili uwake, na Xeon hii haina. Nayo Windows 10 Microsoft ilikwisha kutangaza kuacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo nilimwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, pembeni, kwenye sehemu ya GB 60. Aliitazama, akaisifu rangi yake, akarudi Windows. Fomu za ritani za Excel zenye makro amezizoea na hataki kuzifungua kwa programu nyingine mwezi wa Juni. Tulikubaliana arudi Septemba.

Hitilafu moja ilibaki. Mashine ikilala haiamki vizuri: feni huzunguka na skrini hubaki giza mpaka uizime kwa kitufe. Nilijaribu mipangilio mitatu ya bayosi, nikashindwa, nikazima kabisa hiyo huduma ya kulala. Biro haina usingizi wakati wa ritani hata hivyo.

Wiki iliyofuata akanipigia simu. Anazo mashine nyingine tatu, na sasa alitaka Xeon tatu. Nilichukua matatu ya Kaptembwo nikaenda kuziona. Ya kwanza ni ya chipuseti ya 945, ambayo FSB yake haifiki 1333, haina la kufanya na E5450. Ya pili ni ya kampuni kubwa, sanduku jembamba, bayosi imefungwa na chipu yake imelehemiwa, pawa saplai ndogo. Ile ya tatu inakubali, ni G41 kama ile yenye Xeon. Nilimwambia tuanze na SSD kwenye hiyo ya tatu, tupime, halafu ndipo tuseme habari ya prosesa. Akacheka: "Fundi, wewe hutaki kuuza."

Kabla ya kuondoka nilifungua tena ubavu wa ile mashine yenye Xeon nihakikishe joto. Ilikuwa ikipunguza video ya harusi, nyuzi 63, na koili za umeme ningeweza kuzishika kwa kidole kwa sekunde tano bila kuuondoa mkono. Ndani ya ubavu huo, juu ya bati, nilibandika kwa seloteipu bahasha ile ile ya khaki. Ndani yake mna E5300, na flashi yenye nakala ya bayosi ya awali. Nje nimeandika kwa kalamu nyekundu, kwa fundi atakayekuja baada yangu: usiitoe prosesa bila sababu, na ramu iwe ya chipu 16.